Funza na wadudu wengine wa dengu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa za kisasa

Dengu za Kanda ya Ziwa, Tanzania, hupandwa Machi hadi Mei, mvua zikielekea ukingoni, kwenye mbuga nyeusi baada ya mahindi au mpunga kutoka, nazo huishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Mkulima wa Kishapu, Kwimba, Misungwi au Igunga hamwagilii, na wengi hawaweki mbolea. Baada ya kulima na kununua mbegu, pesa inayomtoka ni ya dawa ya wadudu. Majibu haya ni kwa ajili yake, na kwa mkulima wa Bomet au Embu, Kenya, anayelima zao hilohilo. Tunazungumzia dengu zenye kidomo, si zile ndengu za kijani ambazo Tanzania huitwa choroko. Msimamo wangu utauona karibu katika kila jibu: dawa mpya ni nzuri kweli, lakini humlipa yule anayeingia shambani kuhesabu funza kabla hajafungua chupa.

Mdudu anayetoboa maganda ya dengu ni yupi hasa?

Ni yuleyule funza wa vitumba anayeshambulia pamba, kwa jina la kitaalamu Helicoverpa armigera. Hula pia mahindi, nyanya, alizeti na mbaazi, kwa hiyo hakosi chakula mwaka mzima. Nondo jike huruka usiku na kutaga mayai mojamoja kwenye majani machanga, maua na maganda. Jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Yai lina upana wa nusu milimita hivi. Linapotagwa ni jeupe, likikaribia kuanguliwa huwa la hudhurungi. Siku 3 hadi 5 kwenye joto la kwetu zinatosha.

Funza anayetoka humo ana urefu wa milimita moja na nusu. Kwanza hukwangua majani, kisha huhamia kwenye maua na maganda. Hukua kwa wiki 2 hadi 3 mpaka kufikia sentimita 3 na zaidi. Rangi isikudanganye, maana wapo wa kijani, wa kahawia, wa waridi na hata wanaokaribia weusi. Wote wana mistari inayokwenda kwa urefu wa mwili. Mkubwa utamkuta kichwa kimezama ndani ya ganda na nusu ya mwili iko nje. Ganda aliloliacha lina tundu la duara na ndani hakuna punje. Akishiba na kukomaa hushuka, hujifukia ardhini na kugeuka pupa, halafu nondo mwingine anatoka.

Dawa niliyotumia miaka yote sasa haiwaui. Imeharibika?

Huenda dawa ni nzima, ila funza ndiye aliyebadilika. Dawa nyingi tulizozoea ni za jamii ya pairethroidi, kama saipamethrini na lamda-sihalothrini, au za fosforasi kama klorpairifosi na profenofosi. Funza wa vitumba ana historia ndefu ya kuzizoea. Mwaka 1987 wakulima wa pamba wa Andhra Pradesh, India, walipiga pairethroidi tena na tena na funza wakabaki kwenye vitumba. Tangu hapo usugu umeripotiwa katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo.

Kwa kwetu kuna jambo moja la kulitazama kwa makini. Pamba na dengu zinalimwa wilaya zilezile, na dengu huingia pamba ikiwa inakomaa. Nondo waliozaliwa kwenye pamba iliyopigwa pairethroidi mara kadhaa ndio wanaokuja kutaga kwenye dengu zako. Waliosalimika kule ni wale ambao dawa haikuwaweza. Ukiwapiga kwa dawa ileile unawaua wachache waliobaki dhaifu, na unawaua pia nyigu, kunguni wawindaji na buibui ambao wangekusaidia kuwala. Wiki mbili baadaye funza ni wengi kuliko mwanzo.

Kuna sababu ya pili ya kuziacha baadhi ya dawa za zamani. Endosulfani iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia sumu zinazodumu muda mrefu kwenye mazingira, mwaka 2011, na klorpairifosi ikaongezwa mwaka 2025. Mtu akikuletea chupa ya endosulfani leo, usiinunue hata kwa bei ya bure.

Hizo dawa za kisasa ni zipi, na zinatofautianaje?

Majina hapa nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye lebo utayaona kwa tahajia ya kigeni, lakini lebo nyingi zina pia namba ya kundi, inayoonyesha jinsi dawa inavyoua, na namba hiyo ni ileile dunia nzima. Hiyo ndiyo ya kukariri kuliko jina la biashara, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina kumi.

Klorantraniliproli, Kundi 28, huvuruga madini ya chokaa ndani ya misuli ya funza. Misuli inakaza, mdomo unashindwa kutafuna. Hukaa muda mrefu kwenye jani kuliko nyingi za wenzake, sumu yake kwa binadamu ni ndogo, na kwa nyuki pia ni nafuu. Kiasi cha kiambato kinachohitajika kwa hekta ni gramu 20 hadi 30 hivi, wakati klorpairifosi ilihitaji mamia ya gramu. Flubendiamidi ni ya kundi hilohilo.

Emamektini benzoeti, Kundi 6, inatokana na bakteria wa udongoni. Wafugaji wanaijua familia hii bila kujua kwamba wanaijua: ndugu yake ni ivamektini, sindano ya minyoo na utitiri wa ng'ombe, ambayo ugunduzi wake uliwapa Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Emamektini hupenya ndani ya jani. Ile inayobaki juu ya jani huvunjwa na jua upesi, kwa hiyo jioni ndiyo saa yake.

Indoksakabu, Kundi 22A, humdhuru funza zaidi inapoliwa. Vimeng'enya vyake mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu kali. Spinosadi na spinetoramu, Kundi 5, nazo zinatokana na bakteria wa udongoni, aliyepatikana kwenye kiwanda kilichoachwa cha kutengeneza ramu huko visiwa vya Karibea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Lufenuroni na novaluroni, Kundi 15, ni za aina nyingine kabisa. Haziui papo hapo. Humzuia funza kutengeneza ngozi mpya, hivyo anakufa anapojaribu kujivua. Kwa funza wakubwa ni kupoteza pesa, lakini kwa wadogo wanaoanza tu zinafaa.

Nikitakiwa kuchagua moja kwa shamba lenye maganda machanga na funza wadogo, nachukua Kundi 28. Kwa funza waliochanganyika, wadogo kwa wa kati, emamektini au indoksakabu inatosha, na mara nyingi bei yake ni ya chini.

Na tahadhari moja: imidaklopridi na asetamipridi, Kundi 4A, ni dawa za wadudu wanaofyonza. Zinauzwa sana na watu huzipiga kwenye funza. Hazifai kwa kazi hiyo.

Nitajuaje kwamba funza wametosha kupiga dawa?

Hili ndilo swali ambalo natamani kila mkulima aanze nalo, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Chukua kiroba cheupe au kipande cha turubai cha mita moja kwa mita moja. Ingia shambani asubuhi au jioni, jua likiwa dogo. Ukiingia asubuhi na mapema suruali italowa na miguu itawasha kidogo, kwani majani ya dengu hutoa majimaji yenye tindikali, vaa buti. Tandika turubai chini kando ya mimea, kisha ilaze mimea iliyo kwenye eneo la mita moja ya mraba juu yake na uikung'ute kwa nguvu, mara kumi hivi. Funza wataanguka. Hesabu wote, na uwatenge kwa ukubwa: wasiozidi milimita 7, wa kati, na wakubwa wanaopita sentimita mbili. Rudia sehemu kumi ukipita shamba kwa mshazari, usikae pembeni tu. Jumlisha, gawa kwa kumi. Kama dengu zako umezimwaga badala ya kuzipanda kwa mistari, kama wengi wanavyofanya mbugani, njia hii inafaa vilevile kwa sababu inapima eneo.

Sasa hesabu ya pesa. Watafiti wa Queensland, Australia, ambako dengu ni zao kubwa na funza ni huyuhuyu, walipima na kuona kwamba funza mmoja kwa kila mita ya mraba hula dengu za kilo 20 kwa hekta. Kwa ekari ni kilo 8. Tuseme kupiga ekari moja kunakugharimu shilingi 40,000, yaani dawa, kibarua na maji, na dengu unatarajia kuuza shilingi 2,000 kwa kilo. Gharama hiyo ni sawa na kilo 20 za dengu. Gawa 20 kwa 8, unapata 2.5. Ukikuta wastani wa funza watatu kwa mita ya mraba, dawa inajilipa. Ukikuta mmoja, unampa muuza dawa pesa ambayo funza asingekula. Bei ya dengu ikishuka hadi shilingi 1,000, kipimo kinapanda hadi funza watano. Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hii.

India hutumia kipimo chepesi zaidi, funza mmoja kwa kila mita ya mstari. Kwa mistari ya sentimita 50 hao ni wawili kwa mita ya mraba, na unaona kwamba njia zote mbili zinakaribiana.

Wale wadogo kabisa wengi hufa wenyewe kwa kuliwa, kuangushwa au kuugua, kwa hiyo usiwahesabu kwa uzito sawa na wa kati. Lakini wasikutoke machoni pia. Rudi baada ya siku tatu au nne.

Nianze kukagua lini?

Maua yanapoanza. Kabla ya hapo funza akila majani, dengu huchipua tena na mavuno hayapungui sana. Nimeona watu wakipiga dawa mara mbili kabla ua la kwanza halijafunguka, na pesa ikawa imekwisha maganda yalipokuja. Kipindi cha hatari huanza maua yakiwa ya mwisho na maganda machanga yakitoka, hadi punje zinapokuwa ngumu. Hapo kagua mara mbili kwa wiki.

Mtego wenye harufu ya nondo jike husaidia kukupa habari mapema. Miwili kwa ekari inatosha. Hauui funza na haulindi shamba. Nondo dume wakiongezeka ndani yake, ujue mayai yanakuja ndani ya siku chache na turubai litoke stoo.

Kwa nini mnasisitiza funza wadogo?

Kwa sababu mbili. Funza hula karibu asilimia 80 hadi 90 ya chakula chake chote katika hatua mbili za mwisho za ukuaji, kwa hiyo ukimuua mdogo umeokoa karibu kila kitu ambacho angekula. Na funza aliyefika sentimita tatu ameshajificha ndani ya ganda na anastahimili dawa kuliko mdogo. Mtu anayesubiri mpaka aone maganda yaliyotobolewa kutoka barabarani amechelewa, hata akinunua dawa ya bei ghali kuliko zote dukani.

Nichanganye kiasi gani kwenye bomba?

Kiasi kinasomwa kwenye lebo ya chupa uliyonunua, na si kwa kizibo. Vizibo havilingani. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye vipimo, ukitunze kwa kazi hiyo peke yake.

Soma pia kama lebo inasema kwa hekta au kwa ekari. Hekta moja ni ekari mbili na nusu. Anayeweka dozi ya hekta kwenye ekari anatumia dawa mara mbili na nusu ya inayotakiwa, na anayefanya kinyume anawapa funza chanjo.

Kabla ya msimu, pima mwendo wako. Pima eneo la mita 10 kwa mita 10, weka maji matupu kwenye bomba, pulizia kama utakavyopulizia dawa, kisha uone yametumika maji kiasi gani. Ekari ina maeneo kama hayo 40. Zikitumika lita 2, ekari yako inahitaji lita 80, yaani mabomba matano ya lita 16. Kama lebo inasema mililita 50 kwa ekari, basi ni mililita 10 kwa bomba. Ukimpa kazi kibarua mwingine, pima upya, kwa kuwa kila mtu ana mwendo wake. Nozeli iliyochakaa nayo hutoa maji mengi kuliko ulivyopima. Ibadilishe, bei yake ni ndogo.

Jaza bomba nusu, weka dawa, koroga, kisha malizia maji. Dengu zikiwa zimefunga shamba, funza wako katikati na chini ya majani, kwa hiyo inamisha fimbo na upite taratibu.

Maji ya lambo yanafaa?

Yakiwa na tope, hapana. Chembe za udongo mfinyanzi hushika dawa na kuizuia isifanye kazi, na pairethroidi ndizo zinazoathirika zaidi. Yaache maji yatuame usiku kucha kwenye pipa, uyachote juu na kuyachuja kwa kitambaa. Usichanganye dawa ikalala hadi kesho, hasa kwa maji ya kisima yenye magadi.

Usioshe bomba lambo. Pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na hata Kundi 28, pamoja na upole wake kwa watu, ni kali kwa wadudu na uduvi wa majini. Maji ya kusuuzia yarudishe shambani, uyapulizie kwenye mimea.

Saa ngapi ni nzuri kupiga?

Kuanzia saa kumi jioni, upepo ukitulia. Nyuki wanarudi mizingani, funza wanatoka kula, na jua haliivunji dawa. Dengu hujichavusha zenyewe, ni kweli, lakini nyuki hutembelea maua yake, na emamektini, spinosadi na indoksakabu ni hatari kwao dawa ikiwa bado mbichi kwenye jani. Kama jirani ana mizinga, mwambie siku moja kabla.

Mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka, lebo itakuambia ni saa ngapi zinahitajika. Msimu wa dengu kwetu mvua za namna hiyo ni chache.

Nilipiga jana, leo bado nawaona funza. Nirudie?

Usirudie. Tuliozoea pairethroidi tunataka kumwona funza akianguka palepale. Dawa mpya hazifanyi hivyo. Funza aliyekula klorantraniliproli, emamektini au indoksakabu huacha kula ndani ya saa chache, lakini anaweza kubaki juu ya mmea siku mbili, tatu au nne kabla ya kufa. Mguse kwa kijiti: amelegea, amesinyaa, hakimbii, na kinyesi kipya hakipo pembeni yake. Huyo amekwisha.

Kagua kwa turubai siku ya nne au ya tano. Kwa dawa za Kundi 15 subiri wiki. Kama wa kati na wakubwa bado wanatembea na kula, jiulize kwa mpangilio huu: dozi ilikuwa sahihi? Maji yalifika ndani ya mmea? Funza walikuwa wakubwa mno? Dawa ni halisi? Yote yakiwa sawa, ndipo ufikirie usugu na kuhamia kundi lingine. Kuongeza dozi ya dawa ileile hakusaidii.

Nipige mara ngapi kwa msimu?

Shamba lililokaguliwa vizuri mara nyingi humaliza kwa mara moja au mbili. Ukilazimika kurudia, badili kundi. Ulianza na 28, rudia na 6, 22A au 5. Angalia namba, usiangalie rangi ya chupa: klorantraniliproli na flubendiamidi ni majina mawili ya kundi moja, na kuzibadilishana si kubadili kitu. Zile zilizochanganywa kiwandani, kwa mfano emamektini na lufenuroni ndani ya chupa moja, zihesabu kwa makundi yote mawili.

Kama kijijini mnakubaliana, kubalianeni. Nondo haheshimu mpaka wa shamba, na kijiji kinachopiga Kundi 28 kuanzia Aprili hadi Agosti kwenye nyanya, pamba na dengu kitalipoteza kama tulivyopoteza pairethroidi. Jambo hili linanisumbua kuliko yote, kwa kuwa dawa nzuri za namna hii hazitoki kila mwaka.

Naweza kuchanganya dawa mbili mwenyewe ili ziwe na nguvu?

Hapana, isipokuwa lebo ya mojawapo iruhusu. Mchanganyiko unaweza kuganda, kuunguza maua au kukudhuru wewe unayeupiga. Mbolea ya majani nayo ipigwe peke yake.

Vipi kuhusu mwarobaini, virusi vya funza na ndege?

Mwarobaini hupunguza hamu ya funza kula na kuvuruga kukua kwake. Kwa mashambulizi madogo ya funza wachanga unasaidia, ila lazima urudie mara kwa mara kwa sababu jua huuvunja. Ukishafikia funza watano kwa mita ya mraba, usiutegemee peke yake.

Virusi vinavyoua funza wa vitumba pekee vipo na vinauzwa katika baadhi ya nchi. Ni salama kabisa kwa nyuki na watu. Kwenye dengu, hata hivyo, hufanya kazi pungufu kuliko kwenye nyanya, kwa sababu ya kemikali zilizomo kwenye jani la dengu lenyewe. Majimaji yale ya tindikali na vinyweleo vya jani huwazuia pia wale nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo.

Ndege ni wasaidizi wa kweli. Simika vijiti vyenye umbo la herufi T, kumi hadi ishirini kwa ekari, vikiwa juu kidogo ya mimea, au acha mashina ya mtama hapa na pale. Ndege wala wadudu watatua humo na kuokota funza. Punje zikianza kukauka viondoe.

Miche inakutwa imekatwa chini asubuhi. Ni funza huyohuyo?

Huyo ni sota. Fukua udongo sentimita chache kando ya mche uliokatwa, utamkuta kijivu, amejikunja. Hufanya kazi usiku. Kupulizia mchana hakumfikii; kinachosaidia ni kulima na kuondoa magugu wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, ili mayai na sota wachanga wakose chakula. Wakizidi, tumia chambo cha pumba kilichochanganywa na dawa iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, kikiwekwa jioni, mbali na kuku.

Na vidukari?

Vidukari weusi hujaa kwenye vichomozo na maganda machanga, na wanaweza kueneza virusi vinavyodumaza dengu na kuzigeuza njano. Lakini wadudu kobe huwamaliza mara nyingi bila msaada wako. Kabla ya kupiga, fungua vichomozo kadhaa uangalie: ukiona wadudu kobe na viluwiluwi vyao, wape wiki moja.

Kuna mbegu isiyoliwa na funza?

Hakuna inayokingwa kabisa. Aina zilizotolewa kwa ajili ya Kanda ya Ziwa, kama Ukiriguru 1 na Mwanza 1, 2 na 3, zina faida nyingine, ila zote zinahitaji ukaguzi. Kupanda mapema, na kijiji kupanda kwa wakati mmoja, kunasaidia kuliko kuhangaika na mbegu. Shamba linalochelewa peke yake ndilo linalopokea nondo wa wote.

Nitatambuaje dawa feki?

Nunua duka lenye kibali, udai risiti. Chupa iwe na kifuniko ambacho hakijafunguliwa, lebo ya Kiswahili, namba ya usajili, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Kwa Tanzania usajili unasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kwa Kenya ni bodi ya PCPB. Angalia pia kwamba zao au mdudu wako ametajwa. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usiichukue, hata ikiwa muuzaji ni ndugu yako. Humo huwezi kujua kilichomo, na chupa ile ikifika nyumbani mtoto anaweza kuinywa.

Chini ya lebo kuna mkanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kabisa, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Mkulima mdogo anayebeba bomba mgongoni hana sababu ya kununua mkanda mwekundu kwa ajili ya dengu.

Sumu ikimpata mtu tufanye nini?

Mtoe eneo hilo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Macho yasuuzwe kwa maji safi kwa dakika 15. Akiwa amemeza, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani ndiyo dawa. Mpeleke hospitali haraka pamoja na chupa au lebo, kwa sababu matibabu yanatofautiana: sumu za fosforasi humfanya mtu atoke jasho na mate mengi, na zina dawa yake, atropini. Indoksakabu ikimezwa inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, midomo ikawa ya bluu. Emamektini haina dawa yake maalumu, daktari hutibu dalili. Bila lebo, daktari anabahatisha.

Anayepulizia avae buti, glavu za mpira, shati la mikono mirefu, barakoa na miwani, na asipulizie kwa kuelekea upepo. Mjamzito na mtoto wasiwepo.

Baada ya kupiga nisubiri siku ngapi kuvuna?

Kila lebo ina idadi yake ya siku, ifuate hiyo. Watu wengi husahau dengu mbichi: watoto wanaopita njiani huchuma maganda ya kijani na kuyala palepale. Weka alama kwenye njia siku unayopiga, na uwaambie jirani. Dengu zetu nyingi huishia India, Pakistani na nchi za Ghuba, na mabaki ya dawa yakizidi kiwango mzigo wote unaweza kukataliwa, wako na wa wenzako katika ghala moja.

Dengu zikishaingia ghalani, dawa ya shambani bado inalinda?

Hailindi. Ghalani kuna mdudu mwingine, fukusi wa jamii ya kunde. Hugandisha mayai meupe juu ya punje, kiluwiluwi huingia ndani, na mdudu mzima hutokea kwa tundu la duara. Dawa za funza hazijatengenezwa kwa nafaka ya kula, na kuzimwaga kwenye gunia ni kuilisha familia yako sumu.

Kausha hadi unyevu wa asilimia 12 au chini. Punje ikiumwa kwa jino ivunjike kwa mlio, isibonyee. Kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa, kama ya PICS, ifungwe tabaka kwa tabaka. Fukusi hukosa oksijeni na kufa bila tone la dawa. Mfuko usifunguliwe wiki za mwanzo, na usiburuzwe sakafuni ukapata tundu. Ukipendelea dawa ya unga, iwe ile iliyosajiliwa kwa ajili ya hifadhi, kama Actellic, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Vidonge vya fosfini viachiwe mafundi wenye kibali na maghala yanayozibika. Gesi yake imeshaua watu waliolala chumba kimoja na magunia.